Mti wa Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Kwenye kituo cha hali ya hewa walimwita Lenzi, na jina hilo alilipata zama zile kazi yake ilipokuwa kufagia. Kwa miaka kumi na mmoja alipita na ndoo yake ofisi kwa ofisi, na akifika chumba cha hadubini alikuwa hatoki mpaka amezipangusa lenzi zote kwa kitambaa laini, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Msomaji wa chavua wa wakati huo, mzee mmoja mkavu wa maneno, alimwacha apanguse, halafu akamwacha achungulie, halafu mwaka baada ya mwaka, wakati wa chai, akamfundisha kuitambua chembe ya mti huu na ya mti ule. Mzee alipostaafu, nafasi ilitangazwa mara mbili ikakosa mtu, maana ni kazi ya kuinamia kioo saa nne kwa siku mpaka shingo ishike. Lenzi akaomba afanyiwe mtihani. Wenzake wakadhani anatania. Alifaulu, akakabidhi ndoo, akahamia ghorofa ya juu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya paa kulikuwa na mtego wa hewa, chombo cha ukubwa wa ndoo chenye mdomo mwembamba, kinachogeuka kuufuata upepo na kuvuta hewa kiasi kile kile anachovuta mtu akipumua. Ndani yake utepe wenye gundi ulisogea polepole, milimita mbili kwa saa, na kila kilichoingia na hewa kiliganda hapo. Kila asubuhi Lenzi alipanda ngazi ya chuma, akabadilisha utepe, akaulaza ule wa jana juu ya kioo, akautia rangi ya waridi, akakaa kuhesabu. Kwa kuwa utepe ulikwenda na saa, msomaji mzuri aliweza kusema chavua ni ya mti gani na iliingia saa ngapi. Mkuu wa kituo akishatia sahihi, hesabu hiyo ilikuwa taarifa ya asubuhi, redio ikaisoma kati ya habari na michezo, na watu wenye pumu wakajua kama wafungue madirisha au wameze dawa kwanza.

Nyumbani, mavyaa wake aliiita kazi hiyo kuhesabu vumbi.

"Ulikuwa unalifagia, sasa unalihesabu," alisema siku ya kwanza, "na mshahara wamekuongeza. Dunia hii ina mambo."

Walikuwa wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili. Mwana wa mmoja, ambaye ndiye mume wa mwingine, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita, na wanawake hao wakaendelea kukaa pamoja kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungasha. Mavyaa alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwenye ulimi mwepesi na kifua kizito. Pumu yake ilimjia kila mwaka miti ilipoanza kuchanua, na mara mbili ilimlaza hospitali. Ndiyo maana Lenzi, kila alipoketi mbele ya hadubini, aliona kama anamhesabia mtu mmoja anayemjua.

Jumatano moja, baridi ikiwa inaelekea ukingoni, alikuwa akisoma utepe wa jana yake. Kilichotarajiwa ni chavua ya vichaka vya bondeni, ambavyo huwa havingoji mtu. Aliziona, akaziandika. Halafu katikati ya utepe akakutana na chembe yenye pembe nne zilizolainika, umbo la mto wa kulalia, na ngozi yenye vitundu vitundu kama wavu. Akaisogeza. Akaona nyingine. Alipomaliza alikuwa amehesabu kumi na tisa, akasimama, akanywa maji, akarudi akahesabu upya, zikawa kumi na tisa zile zile.

Ilikuwa eshi. Mji ulijaa miti hiyo kando ya barabara zote za zamani. Watoto waliuita mti wa mabawa, kwa sababu tunda lake ni mbegu moja yenye bawa jembamba, na matunda hayo huning'inia vishada vishada, hukauka, hubaki mtini baridi nzima mpaka upepo uyachukue moja moja yakizunguka. Maua yake hayana sura ya maua. Hayana petali wala harufu. Ni vifundo vidogo vya zambarau iliyokoza vinavyotokea kabla jani hata moja halijachungulia, na wengi hupita chini yake maisha yao yote bila kujua kwamba mti huo huchanua. Vifua vyao ndivyo vinavyojua. Lakini katika madaftari ya mzee, ya miaka thelathini na mmoja, hakukuwa na mwaka ambao chavua ya eshi ilifika mapema hivyo. Tarehe ya mapema kuliko zote ilikuwa bado wiki tatu mbele.

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamume mpole mwenye haraka, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na mara nyingi aliitafuta ile ya kichwani. Taaluma yake ilikuwa mvua na upepo. Chavua aliirithi pamoja na kiti. Alipoisoma karatasi ya Lenzi aliiweka mezani.

"Eshi wiki hii? Umeiona wapi?"

"Kwenye kioo, Mkuu."

"Kwenye kioo. Mimi nimekuja na barabara yote ya miti hiyo asubuhi hii, na haina hata ua."

Hakusema kwa ubaya. Alimweleza kwamba huenda ni chavua ya mwaka jana iliyokuwa imelala kwenye vumbi la mapaa, au rangi imechafuka, au macho yamechoka. Hakutaja kwamba katika wiki yake ya pili kazini Lenzi aliandika tarehe ya Ijumaa kwenye kioo cha Alhamisi na taarifa ikatoka kombo, lakini jambo hilo lilikuwa limekaa nao chumbani kama mtu wa tatu. Redio ikitangaza eshi leo, alisema, kesho kliniki ya kifua itafurika, na ikiwa ni uongo, mwakani hakuna atakayetusikiliza. Akachukua kalamu, akakata ile kumi na tisa, akaandika: hakuna.

Asubuhi iliyofuata Lenzi alikuwa akimimina chai redio iliposema hakuna. Alihisi aibu, kama yeye ndiye aliyedanganya, na aliisikia akiwa amempa mgongo mavyaa wake.

Siku hiyo alitengeneza rangi mpya, akafungua boksi jipya la vioo, akaosha mikono kama daktari wa upasuaji. Akapata chembe ishirini na tatu. Ijumaa zikawa thelathini na moja. Mkuu alikubali kuchungulia, akaona vitu vya waridi, akakiri kwamba hawezi kukitofautisha hiki na kile. Alichoweza kufanya ni kupeleka vioo kwa wataalamu wa maabara kuu mara siku saba zitakapotimia, na majibu yangechukua wiki mbili. Mpaka hapo taarifa ingebaki hakuna. Kwa maoni yake huo ulikuwa uamuzi wa haki, na Lenzi, aliyekuwa mgeni katika ghorofa ile, akajibu ndiyo, Mkuu.

Jumamosi alasiri akaenda kumwona mzee. Alikuwa akiishi kwa binti yake, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu. Masikio yalikuwa yameanza kumtupa, kwa hiyo Lenzi alimwandikia kila kitu kwenye karatasi, na pembeni akachora chembe yenye pembe nne. Alitarajia mzee atafungua kabati na kutoa kitabu, au atamwambia alipokosea. Mzee aliusogeza mchoro karibu na pua, akausogeza mbali.

"Ni eshi," alisema. "Jicho lako liko sawa. Mimi ndiye niliyelifundisha."

Kisha akaongea kuliko alivyowahi kuongea katika miaka yote ya chai. Alimwambia kwamba eshi si mti wa kuzoeleka. Mwaka mmoja inamwaga maua na matunda mpaka matawi yanainama, halafu miaka miwili inapumzika, ukiitazama utadhani imesahau kazi yake. Kuna miti dume na kuna miti jike, lakini mingine imechanganya, tawi hili hivi na tawi lile vile, na kuna wafagia barabara waliomwapia kwamba mti waliouzoea bila tunda hata moja uliamka mwaka mmoja umefunikwa na mabawa. Lenzi akaandika: wewe mwenyewe uliuona? Mzee akasoma.

"Sikuuona. Miaka thelathini na mmoja nilikaa juu ya paa nikingoja miti inijie. Sikushuka hata siku moja kuufuata mti." Akamrudishia karatasi. "Huo wako upo mahali. Ukiupata, niletee kijiti."

Lenzi alirudi nyumbani mwepesi. Wepesi huo ulidumu mpaka Jumatatu, aliposoma utepe wa Jumapili. Hapakuwa na eshi hata moja. Alipitisha kioo mara tatu. Kulikuwa na zile za bondeni, kulikuwa na masizi, kulikuwa na unyoya wa mdudu. Alikaa na mikono mapajani, akajiambia kwamba pengine mkuu alikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba mfagizi amejitia usomi, na kwamba ile ndoo bado ipo kwenye kabati la ngazi.

Jumanne akasoma utepe wa Jumatatu. Ishirini na saba.

Hapo ndipo alipoacha kuhesabu akaanza kufikiri. Akavitoa vioo vyote vya wiki, akavipanga mezani kwa siku, akaangalia saa badala ya idadi. Siku za kazi chembe zilianza kuingia kama saa tatu asubuhi, zikakoma kama saa nane mchana. Jumamosi zilikoma saa sita. Jumapili hazikuingia kabisa. Alicheka peke yake. Ni mti gani huu unaojua siku za wiki, unaofanya nusu siku Jumamosi na kulala Jumapili kama karani?

Jioni hiyo mavyaa alirudi kutoka kliniki ya kifua akiwa amejikunja, akakaa kwenye kiti cha mlangoni hata koti hakuvua. Lenzi akamletea dawa ya kuvuta. Alivuta mara mbili, akangoja, na sauti iliporudi ikarudi na malalamiko.

"Asubuhi nimetoka hapa mzima," alisema. "Hospitali ndiyo imenipa ugonjwa. Na wiki iliyopita vile vile. Wakinipangia tarehe nyingine nitawaambia waje wao."

Lenzi alimuuliza alikaa wapi alipokuwa akingoja. Mavyaa akaeleza kwamba ukumbi wa mbele unapakwa rangi, wagonjwa wamehamishiwa korido ya nyuma, kwenye benchi chini ya dirisha lisilofungika, na dirisha hilo linatazamana na chumba cha kufulia. Mashine zinanguruma, mvuke unatoka ukutani, mashuka yanapita kwa matoroli, mtu huwezi hata kusikia jina lako likiitwa.

"Wanafua kila siku, Mama?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili. Hata dobi ana mwili."

Lenzi aliirudisha chupa ya dawa mezani taratibu sana. Mavyaa akamuuliza mbona amekodoa macho. Akajibu kwamba anahesabu vumbi.

Asubuhi iliyofuata jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufungua daftari la upepo. Hospitali ilikuwa kaskazini-magharibi ya kituo, mwendo wa dakika kumi na tano, na wiki nzima upepo ulikuwa ukitoka huko huko. Saa ya chakula ilipofika hakula. Alivaa koti, akatia mfukoni bahasha mbili za karatasi na mkasi, akashuka ngazi.

Njiani alisimama chini ya kila mti wa mabawa aliopishana nao. Matumba yalikuwa meusi, yamefumba, kama vichwa vya viberiti vilivyokwisha kuwaka. Kwenye baadhi ya miti matunda ya mwaka jana bado yalining'inia, makavu, yakichakacha. Barabara nzima ilikuwa imelala, na mkuu alikuwa amesema kweli kuhusu kila mti aliouona. Lenzi akazunguka lango la magari ya hospitali, akapita majiko, akapita mapipa, akafika uwanja mdogo wa nyuma.

Mti ulikuwa hapo, mmoja, umebanwa kati ya ukuta wa chumba cha kufulia na uzio. Kutoka ukutani, kwenye kimo cha kichwa cha mtu, bomba pana jipya lilikuwa likipuliza hewa ya moto ya mashine za kukaushia, moja kwa moja kwenye matawi. Upande wa uzio mti ulikuwa kama wenzake, matumba meusi yamefumba. Upande wa bomba ulikuwa umechanua wote. Vifundo vya zambarau vilishika kila kijiti mpaka nchani, vikitikiswa na ile pumzi ya moto. Lenzi aligusa tawi kwa kidole. Vumbi la manjano likatoka, likapanda juu ya paa la hospitali, likaenda zake upande wa kituo.

Alisimama pale akilitazama. Machozi yalimlengalenga, na halikuwa tatizo la chavua.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamume wa makamo mwenye aproni ya mpira, akapiga chafya tatu mfululizo kabla ya kumsalimu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa madobi. Alidhani Lenzi amepotea akiitafuta kliniki, na alipoambiwa amekuja kuutazama mti alimtazama yeye kwanza, kisha mti, kama mtu anayekagua kama amefanyiwa mzaha. Lenzi akamuuliza chafya hizo zilianza lini.

Akaeleza kwa kirefu, maana ni dhahiri kwamba hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza. Kila mwaka, baridi ikiisha, pua yake husumbua kwa mwezi mmoja, na hilo alilizoea. Mwaka huu ilianza mapema mno, mara tu baada ya hospitali kuleta mashine mpya na sabuni mpya. Akajua ni sabuni. Alibadilisha glavu, akafunga kitambaa puani, akalala ameketi. Mwisho akaandika barua ya kuomba kuhamishiwa stoo, kazi ya kupanga maboksi, baada ya miaka kumi na minane ya kuisimamia kazi anayoijua kwa kunusa tu. Barua ilikuwa mezani kwa utawala, ikingoja kujibiwa.

"Na Jumapili?" Lenzi akauliza.

"Jumapili niko nyumbani. Sina neno kabisa." Akainua kidole. "Unaona? Ni sabuni."

"Kaka, jaribu jambo moja. Nenda kaninusie sabuni yako, halafu urudi unuse tawi hili."

Alikwenda. Kupitia mlango Lenzi alimwona akiinama juu ya pipa la sabuni, akivuta pumzi ndefu, akingoja, akivuta tena. Hakuna kilichotokea. Akarudi nje akiwa na uso wa mtu aliyeanza kushuku, akasogea kwenye tawi, na kabla hajalifikia akapiga chafya iliyomrudisha nyuma hatua mbili. Akakaa kwenye toroli la mashuka. Akafuta macho kwa aproni. Kisha akamuuliza kama barua inaweza kurudishwa ikiwa bado haijajibiwa.

Lenzi alikata vijiti viwili vya upande wa bomba na kimoja cha upande wa uzio. Alitembea kurudi kituoni bahasha akiwa amezishikilia mbele yake kama mtu aliyebeba mayai.

Hakupeleka maneno kwa mkuu. Alitengeneza kioo kutoka kwenye ua lenyewe, akakiweka kwenye hadubini moja, na kwenye hadubini ya pili akaweka utepe wa Jumatatu. Ndipo alipokwenda kumwita. Mkuu alikuwa na simu sikioni. Alipomwona alivyosimama akaikata. Alivua miwani ya usoni, akasahau ya kichwani, akainama huku, akainama kule, akarudi huku. Alirudia hivyo mara nyingi kiasi kwamba Lenzi aliacha kuhesabu.

"Pembe nne," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mkuu."

"Nipeleke."

Walikwenda pamoja, na njia nzima mkuu alikuwa akitazama juu, akajikwaa mara mbili. Chini ya mti alisimama kwa muda mrefu. Aliweka kiganja mbele ya bomba, akakitoa, akaweka kwenye hewa ya upande wa pili, kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Alikuwa mtu wa upepo, na hapa mwishowe palikuwa na upepo anaoweza kuusoma. Alieleza mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyepata somo lake, jinsi hewa kavu ya moto inavyoukosesha upande huu wa mti habari za baridi, na jinsi vijifuko vya chavua vinavyopasuka hewa ikikauka na kujifunga ikilowa, kwa hiyo mashine zikizimwa, mti nao unazima. Kisha akamgeukia Lenzi.

"Nilikosea kuandika hakuna," alisema. "Nilipaswa kuandika sijui."

Asubuhi iliyofuata redio ilisema kwamba chavua ya eshi imeanza kuonekana katika eneo la hospitali, kutoka kwenye mti mmoja, na kwamba miti mingine ya mji bado haijachanua. Mavyaa aliisikiliza taarifa yote akiwa ameshika kikombe bila kunywa. Ilipokwisha alisema wasomaji wa redio siku hizi wanakwenda mbio mno. Lakini saa moja baadaye Lenzi alimsikia akimweleza jirani kupitia ukuta, neno kwa neno, mti upo wapi, bomba lilikaaje na ni mkwe wa nani aliyeuona.

Mambo yaliyobaki yalikwenda yenyewe. Fundi wa hospitali alipinda bomba likaelekea juu, juu ya paa, kazi ya nusu siku. Wagonjwa wa kifua walirudishwa ukumbi wa mbele rangi ikiwa haijakauka vizuri. Hakuna aliyezungumza habari ya kuukata mti, na yule msimamizi wa madobi angemzuia kwa mwili wake mtu ambaye angejaribu, kwa jinsi alivyokuwa akiuonyesha kwa wageni. Barua yake aliichukua mwenyewe kutoka utawala. Mzee aliletewa kijiti chake kwenye bahasha, akakiweka kwenye glasi ya maji dirishani, na binti yake alisema kwamba alikivutia kiti akakaa nacho mpaka jioni. Majibu ya maabara kuu yalikuja baada ya wiki mbili kama ilivyoahidiwa: eshi, kwenye vioo vyote isipokuwa cha Jumapili.

Wiki moja baada ya majibu hayo mji wote ulichanua. Ulikuwa mwaka wa kumwaga. Hesabu zilipanda mpaka Lenzi akahitaji karatasi ya pili, lakini safari hii kliniki ilikuwa imejua mapema, na mavyaa alikuwa ameanza dawa siku kumi kabla. Alikohoa, alilalamika, alifunga madirisha na kuyasema vibaya, na alilala kwenye kitanda chake mwenyewe msimu mzima. Mkuu naye alitoa ruhusa ambayo haikuwahi kutolewa kituoni: kila Ijumaa mchana msomaji wa chavua ashuke, akaikague miti. Lenzi alichagua arobaini, akaipa namba, akafungua daftari jipya lenye safu za tumba, ua, jani na tunda.

Ijumaa moja ya joto, majani yakiwa yamefunga kivuli barabara nzima, mavyaa alisema kwamba naye anakwenda, akavaa viatu vyake vya kutokea. Mti namba moja ulikuwa umelemewa. Mabawa mabichi yalishuka vishada vishada mpaka karibu na vichwa vya wapita njia. Mavyaa aliunyoosha mkono, akasita.

"Haya nayo yatanikaba?"

"Haya hayana neno, Mama. Maua yalishapita."

Akachuma kishada, akakigeuza, akalinyoosha bawa moja kati ya vidole kwa namna alivyokuwa akinyoosha pindo la nguo, akasema kwamba aliyeshona hiki alikuwa na mkono mzuri. Lenzi aliandika: namba moja, matunda mengi, mabichi. Akataka kujua kama angependa kupumzika kidogo kwenye ukuta wa kivulini.

"Imebaki mingapi?"

"Thelathini na tisa."

Mavyaa alitia kishada kwenye mkoba, akavuta pumzi kwa pua, ndefu, ikaingia yote na kutoka yote.

"Basi tembea, mwanangu," alisema. "Ule wa pili uko upande gani?"